Kuchagua hoteli Valletta: ramani haionyeshi ngazi

Ramani ya Valletta humdanganya msafiri. Mitaa ya mji huo mkuu wa Malta imenyooka kama mistari ya daftari la hesabu, inakatana kwa pembe mraba, na kutoka lango kuu hadi ngome ya Mtakatifu Elmo kwenye ncha ya rasi ni mwendo wa kilomita moja hivi. Mtu anayeitazama kwenye simu huamini kwamba hoteli zote zilizo ndani ya kuta ni sawa, kwa kuwa hakuna iliyo mbali na chochote, akachagua kwa bei, kwa idadi ya nyota au kwa uzuri wa kitanda kilichopigwa picha. Ndivyo nilivyofanya nilipokwenda mara ya kwanza nikiwa peke yangu. Mara ya pili nilikwenda na mama yangu, ambaye goti lake la kulia halikunjiki vizuri, nikatumia jioni tatu nzima kutafuta mahali pa kulala kabla sijalipa hata senti. Ninayaandika haya kwa ajili ya yeyote atakayekwenda huko na mzazi, na mtoto mchanga, au na sanduku zito.

Niseme kwanza kilichonipata safari ile ya awali, maana ndicho kilichonifunza. Tangazo la nyumba ile ya wageni, ambayo sitaitaja jina, lilisema iko mita 300 kutoka mtaa mkuu, na kwa kipimo cha ramani lilisema kweli. Halikusema kwamba sehemu kubwa ya mita hizo ni ngazi za mawe zinazoshuka kuelekea Bandari Kuu, kwamba chumba kiko ghorofa ya nne, wala kwamba nyumba haina lifti. Dirisha la chumba lilitazama kishimo cha hewa katikati ya jengo, kiasi kwamba mchana ilinilazimu kuwasha taa ili nione nguo zangu. Nilikuwa na nguvu na nilikaa siku tatu, kwa hiyo nilivumilia. Lakini kila nilipopanda ngazi zile nilimfikiria mama, ambaye tangu zamani alitamani kukiona kisiwa alichokijua kwa jina la Melita katika Matendo ya Mitume, nikajua kwamba nyumba kama ile ingemfunga ndani kama mgonjwa.

Ngazi hizo zina historia yake, na kuijua kunamsaidia mtu kuchagua hoteli kuliko maoni mia ya wageni waliotangulia. Mwaka 1565 jeshi la Waosmani liliuzingira Malta kwa miezi kadhaa na kushindwa, na Machi 1566 mkuu wa Mashujaa wa Mtakatifu Yohane, shirika la kijeshi la Kikatoliki lililotawala kisiwa hicho, Jean de Valette, aliweka jiwe la msingi la mji mpya juu ya kilima kikavu kiitwacho Sciberras, kilichozungukwa na bahari pande tatu. Mhandisi Francesco Laparelli alichora mpango wa mitaa iliyonyooka, na nia ilikuwa kukisawazisha kilima chenyewe kabla ya kujenga. Hofu kwamba Waosmani wangerudi ilikuwa kubwa, muda haukutosha, na kilima kikabaki na mgongo wake. Kwa hiyo mitaa iliyonyooka kwenye karatasi ililazwa juu ya ardhi yenye mgongo katikati na miteremko mikali pande zote mbili, na pale mteremko ulipozidi, mtaa ukageuzwa kuwa ngazi.

Hapo ndipo anwani ya hoteli inapoanza kuzungumza. Triq ir-Repubblika, mtaa mkuu, unafuata mgongo wa kilima. Ukiingia langoni unatembea karibu tambarare kwa muda mrefu, kisha unateremka kuelekea Mtakatifu Elmo. Triq il-Merkanti, mtaa wa wafanyabiashara, unakwenda sambamba nao upande wa Bandari Kuu, na sehemu yake ya juu, karibu na jumba la Castille ilipo ofisi ya waziri mkuu, nayo ni rahisi kwa miguu. Kadiri unavyoshuka kutoka hapo, upande wowote ule, ndivyo kila mtaa unavyokuwa chini zaidi ya uliotangulia. Triq San Pawl uko chini kidogo, na Triq Sant'Orsla, ambao wapiga picha wanaupenda mno, una ngazi ndefu ambazo mwenye goti bovu hawezi kuzipanda mara mbili kwa siku. Upande wa pili, ule wa bandari ya Marsamxett, hali ni hiyo hiyo. Kwa hiyo swali la kwanza nililoliandikia kila hoteli halikuwa kuhusu bei. Niliuliza hivi: kutoka mlango wenu hadi Triq ir-Repubblika kuna ngazi ngapi, na je, ipo njia isiyo na ngazi kabisa? Hoteli tano zilinijibu. Mbili zilinijibu kwa mita, nikaziacha, kwa sababu mwenye nyumba asiyezijua ngazi za mtaa wake hajawahi kumsindikiza mgeni mzee.

Swali la pili lilihusu lifti, na hapa nawasihi wasomaji wasiridhike na alama ya lifti kwenye tovuti za kuhifadhi nafasi. Hoteli nyingi ndogo za Valletta ni nyumba za kale za mawe, baadhi zikiwa makao ya familia za kitajiri zilizogawanywa vyumba, na mji mzima uko katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 1980, kwa hiyo mwenye nyumba habomoi ukuta apendavyo ili kupitisha mashine. Matokeo yake, lifti huwekwa pale inapowezekana. Katika hoteli mojawapo nilielezwa, baada ya kuuliza mara ya pili, kwamba lifti inaanzia ghorofa ya kwanza, na ili uifikie unapanda vipandio kumi na viwili kutoka barabarani. Nyingine ilikuwa na lifti inayofika hadi ghorofa ya tatu, huku vyumba vya bei nafuu vikiwa ghorofa ya nne. Uliza lifti inaanzia wapi, inaishia wapi, na kama baada ya kushuka kuna kipandio kingine kabla ya mlango wa chumba. Uliza pia kuhusu bafu, kwa sababu katika nyumba hizo sakafu za bafu mara nyingi zimeinuliwa ili mabomba yapite chini yake, na kipandio kimoja gizani kinatosha kumwangusha mtu.

Jiwe lenyewe linahitaji kufikiriwa. Malta imejengwa kwa mawe ya chokaa laini, yenye rangi ya asali, yanayochimbwa kisiwani humo humo. Ni mawe mazuri sana jua linapozama. Mama alisimama kuyatazama kila jioni na sikumharakisha. Lakini jiwe hilo hunyonya unyevu, na nyumba za Valletta tangu mwanzo ziliamriwa ziwe na kisima cha kuhifadhia maji ya mvua chini yake, kwa kuwa kilima hakikuwa na maji ya kutosha na mji ulijengwa kwa matarajio ya kuzingirwa tena. Wakati wa kiangazi, joto linapopita nyuzi 30, kuta nene ni neema. Wakati wa baridi ni kinyume chake: nje kuna nyuzi 15 na jua, ndani kuna ubaridi wa pango, na vyumba vya chini kabisa hunuka ukungu. Sisi tulikuwa tunakwenda Februari. Niliondoa katika orodha yangu vyumba vyote vya ghorofa ya chini na vya nusu chini ya ardhi, hata vilipokuwa na picha za kuvutia za matao ya mawe, nikauliza kama kiyoyozi kinatoa joto na kama mgeni anaweza kukiwasha mwenyewe wakati wowote. Niliuliza pia kama kuna mashine ya kukausha unyevu. Hoteli mbili zilisema ipo bila kusitasita, na jibu hilo lilinipa imani kwamba wanaoiendesha wanalijua jengo lao.

Kuhusu madirisha, jambo la kujua ni kwamba neno "chumba cha ndani" katika nyumba hizi humaanisha chumba kinachotazama ua wa kati au kishimo cha hewa. Ua mpana wenye mimea ni mahali pa utulivu na ningeuchagua kwa furaha. Kishimo cha hewa ni kitu kingine, na njia ya kutofautisha ni kuomba picha iliyopigwa kutoka ndani ya chumba kuelekea dirishani wakati wa mchana. Vyumba vya mbele vina gallarija, yaani roshani ya mbao iliyofunikwa kwa vioo na kupakwa rangi ya kijani, nyekundu au buluu, inayoning'inia juu ya mtaa. Mama alikuwa ameziona kwenye picha na alizitaka. Nilikubali kulipa zaidi kwa ajili ya gallarija, na sijuti, kwa sababu mtu asiyeweza kutembea saa nyingi anahitaji mahali pa kukaa na kuutazama mji ukipita chini yake, tena bila kupigwa na upepo.

Lakini gallarija huingiza sauti, na Valletta ina sauti nyingi kwa mji mdogo kiasi hicho. Kengele za makanisa hulia kutwa. Mizinga ya saluti iliyo chini ya bustani ya Upper Barrakka hupigwa kila siku saa sita mchana na tena saa kumi alasiri, na anayelala karibu nayo asipojua huruka kitandani. Sauti hizo ni za mchana, na mimi nazipenda. Sauti ya usiku ni jambo zito zaidi. Mwaka 2022 serikali ilitoa kanuni iliyoruhusu muziki wa nje hadi saa saba usiku katika baadhi ya mitaa ya Valletta, na wakazi walipinga kwa nguvu, kwa sababu katika mitaa hiyo myembamba ya mawe sauti haina pa kukimbilia; inagonga ukuta huu na kurudishwa na ule. Strait Street, uchochoro mwembamba sambamba na mtaa mkuu, uliokuwa maarufu kwa baa za mabaharia, umefufuka na una meza nje. Anayekwenda Julai au Agosti na anataka usingizi aombe chumba cha uani, au akae mbali na pembe zenye baa, na asome maoni ya wageni waliokaa msimu ule ule anaokusudia yeye. Maoni ya mtu aliyelala hapo Januari hayamfai wa Agosti.

Kisha kuna sikukuu. Tarehe 10 Februari Malta huadhimisha kuvunjikiwa merikebu kwa Mtakatifu Paulo, na kiini cha maadhimisho hayo ni kanisa lake lililoko Triq San Pawl, Valletta. Hiyo ndiyo siku mama aliyotaka kuiona. Sanamu ya mtakatifu hubebwa mabegani, bendi hupiga, vipande vya karatasi humwagwa kutoka kwenye roshani mpaka barabara haionekani, na fataki za kishindo hulia. Kwa hiyo nilikabiliwa na mvutano wa kweli: kukaa karibu kiasi cha yeye kufika kanisani kwa miguu yake, bila kukaa juu ya kishindo chenyewe. Niliikunjua ramani na kuhesabu mitaa. Kutoka sehemu ya juu ya Triq il-Merkanti, kanisa liko mtaa mmoja tu chini. Unatembea kwenye tambarare sehemu kubwa ya njia na kuteremka kipande kifupi mwishoni. Nikaamua kwamba hoteli lazima iwe hapo, nikaacha kutazama kwingine ndani ya kuta.

Nje ya kuta nilitazama, na ningependa kuwatendea haki wanaochagua huko. Floriana iko mbele tu ya lango, ni tambarare zaidi, ina majengo makubwa yenye lifti za kweli, na hoteli ya Phoenicia iliyofunguliwa mwaka 1947 iko hapo, hatua chache kutoka kituo kikuu cha mabasi kwenye chemchemi ya Triton. Kwa mtu wa goti bovu mwenye fedha za kutosha, nadhani Floriana ndilo chaguo bora kuliko yote, nami ningelichukua kama isingekuwa kwa gharama. Sliema, ng'ambo ya Marsamxett, ina hoteli nyingi za kisasa, njia pana ya kutembea kando ya bahari, na faida moja ambayo Valletta yenyewe haiwezi kukupa: unaiona Valletta yote, pamoja na kuba kubwa la kanisa la Wakarmeli. Birgu, upande wa pili wa Bandari Kuu, ndiko mashujaa walikokaa tangu 1530 kabla ya kuhamia mji mpya mwaka 1571, na vichochoro vyake ni vya utulivu kuliko vya Valletta. Paceville, mtaa wa disko ulioko St. Julian's, sikuutazama.

Kinachowaponyoka wengi wanaochagua Sliema au Birgu ni kivuko. Kwenye ramani ya hoteli huandikwa kwamba Valletta iko dakika chache kwa boti, na ni kweli siku ya bahari tulivu. Ukishuka upande wa Marsamxett bado una mlima wa kupanda hadi katikati ya mji. Upande wa Bandari Kuu kuna lifti ya Upper Barrakka, yenye kimo cha mita 58, iliyofunguliwa mwaka 2012, na hiyo imewaokoa watu wengi. Kwa sababu hiyo, mwenye shida ya miguu ningemshauri Birgu kabla ya Sliema. Lakini wakati wa baridi huvuma upepo wa kaskazini mashariki ambao wenyeji huuita grigal, nao unaingia moja kwa moja kwenye mdomo wa Bandari Kuu. Siku mbili kati ya nane tulizokaa, boti hazikusafiri. Tulikuwa tumepanga kwenda Birgu siku mojawapo, ikatubidi kuzunguka bandari kwa basi. Kama tungekuwa tumelala ng'ambo, mama angeikosa Misa ya asubuhi aliyokuwa ameisubiri.

Mambo mengine ni mafupi. Uwanja wa ndege uko Luqa, yapata kilomita nane, na mabasi hukufikisha kwenye chemchemi ya Triton, nje ya lango; kutoka hapo unaburuta sanduku lako. Teksi inaingia mjini lakini haifiki kila mlango, kwa sababu Triq ir-Repubblika na sehemu kubwa ya Triq il-Merkanti ni za waendao kwa miguu. Iulize hoteli gari litasimama kona ipi. Ukikodi gari, ujue kwamba kamera husoma namba za magari yanayoingia Valletta na kutoza ada, na maegesho ya wageni ni machache. Mimi nisingekodi. Mchango wa mazingira hutozwa kwa kila usiku juu ya bei ya chumba, mara nyingi hulipwa mapokezi, kwa hiyo usishangae. Nyumba za kupangisha kwa muda mfupi zinatakiwa kuwa na leseni ya mamlaka ya utalii ya Malta. Mwenye nyumba asiyetaka kukuonyesha namba yake muache. Soketi za umeme ni za pini tatu za mraba, za aina ya Uingereza.

Jambo la mapokezi linahitaji maneno zaidi. Hoteli ndogo nyingi hazina mtu mapokezini usiku kucha. Ukichelewa hutumiwa namba za siri za mlango kwa simu. Kwa kijana hilo si tatizo. Kwa mama, nilitaka mtu awepo. Hoteli niliyoichagua hatimaye ilikuwa na vyumba kumi na vinne, lifti inayoanzia usawa wa barabara, na mama wa makamo aliyelala humo humo, ambaye aliniandikia kwamba ametupa chumba cha ghorofa ya pili, chenye gallarija, na kwamba angetuwekea kiti imara bafuni. Sikuwa nimemwomba kiti. Alikuwa amesoma barua yangu kuhusu goti akafikiri mwenyewe.

Asubuhi ya kwanza alimwambia mama kwamba kifungua kinywa kinaanza "fis-sebgħa", na mama alikisikia Kiswahili. Kimalta ni lugha yenye asili ya Kiarabu, na maneno kadhaa tuliyoyapata sisi kwa njia ya pwani wao wameyapata kwa njia yao: baħar ni bahari, ktieb ni kitabu, dinja ni dunia, sitta na sebgħa ni sita na saba. Ila wao huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, na sebgħa yao ya asubuhi kwetu ni saa moja. Mama alikuwa amejiandaa kungojea hadi saa saba mchana, nami ikabidi nimweleze. Tangu siku hiyo, hizo zikawa salamu zao wawili: mwenye hoteli akitaja saa, mama anaigeuza kwa saa zetu, wanasahihishana mpaka wanakubaliana.

Tarehe 10 tulitoka alasiri, mizinga ikiwa imeshalia. Tulitembea polepole kwenye tambarare ya Triq il-Merkanti, tukateremka kipande kile kifupi mama akiwa ameshika mkono wangu, tukapata nafasi ukutani mkabala na mlango wa kanisa. Alisimama hapo karibu saa nzima, karatasi zikimjaa mabegani. Aliposema amechoka, tulipanda taratibu, na dakika kumi baadaye alikuwa ameketi ndani ya gallarija yake, ghorofa ya pili, miguu juu ya kiti cha pili, akizisikiliza bendi zikiendelea mtaa wa chini.

Mwaka huu anataka kurudi. Nimeshamwandikia yule mama wa hoteli nikiomba chumba kile kile, na nimemuuliza kama lifti imefanyiwa matengenezo.